Kwa Nini Shangazi Hapokei Simu

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye meza ile ile yenye mguu mmoja mfupi. Hujambo huko uliko? Mumeo hajambo? Na wale wajukuu zangu wawili? Mafua ya yule mdogo yamekwisha, au bado anapumua kwa mdomo? Baba yako ameniambia kwamba baridi ya huko imezidi na kwamba wamekubadilishia zamu, siku hizi unaingia kazini alfajiri. Pole sana. Vaa soksi mbili. Najua utacheka, lakini vaa.

Mimi sijambo kwa umri wangu. Goti linalalamika mvua ikikaribia, presha imetulia, na meno yaliyobaki yanaelewana. Kuku wa jirani bado wanaingia uani kana kwamba nyumba ni yao, na mimi nimeacha kuwafukuza.

Sasa nije kwenye lalamiko lako. Baba yako amenifikishia kwa maandishi, tena kwa herufi kubwa kama za bango la barabarani, kwamba umeumia. Kwamba unapiga simu inaita mpaka inakata. Kwamba siku nikipokea najibu tu, "Ndiyo, ndiyo, nashukuru," hata pale uliponiuliza nimekula nini. Kwamba umemuuliza, "Shangazi nimemkosea nini?"

Hujanikosea kitu, mwanangu. Ni masikio. Yamekwisha. Si yote, lakini ile sehemu iliyokuwa ikikusikia wewe ndiyo iliyotangulia.

Ili unielewe vizuri, itabidi nikurudishe chumba cha nyuma. Ulipokuja kuishi kwetu kwa ajili ya shule, chumba kile kilikuwa tayari cha mashine, na nadhani ulikipokea kama watoto wanavyopokea mambo ya wakubwa: kipo, basi. Hukuwahi kuniuliza kilianzaje, na mimi sikuwahi kukueleza.

Kilianzia posta. Nilipomaliza shule niliajiriwa chumba cha simu za maandishi, zile karatasi fupi ambazo watu wa zamani walitumiana kupeana habari za msiba na za kujifungua. Habari ilipita kwenye waya kwa milio, mifupi na mirefu, na sisi tulioketi pale kazi yetu ilikuwa kusikia milio na kuandika herufi. Hiyo ndiyo Morse. Mwanzoni inakuchosha kama kuchambua mchele uliojaa mawe. Halafu siku moja, hata hujui ni lini, unaacha kusikia milio na unaanza kusikia maneno. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye meza ile. Msimamizi wetu, bwana mmoja mnene aliyejua kulala huku macho yako wazi, alinibatiza jina la Nukta kwa sababu ya ufupi wangu. Nilinuna wiki nzima, kisha nikalizoea, na mpaka nastaafu hakuna aliyeniita kwa jina langu.

Fundi wa mitambo pale pale posta ndiye aliyeniambia kwamba wapo watu wanaofanya kazi yetu bila mshahara, kwa kupenda tu, tena bila waya, hewani, wakiwa majumbani mwao, mmoja nchi hii na mwenzake nchi ile. Nikamwambia hao hawana kazi za kufanya. Wiki iliyofuata nikamwomba anielekeze pa kuchukulia leseni. Siku ya mtihani niliingia chumbani, wanaume wakanyoosha vikombe wakidhani nimekuja kuwaletea chai. Nilikaa, nikaomba karatasi yangu.

Redio yangu ya kwanza niliiunda kwa maiti za redio nyingine. Nilinunua chakavu, nikachomoa kilicho hai, nikalehemu kwa risasi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mlingoti wa kuinulia waya wa kunasa mawimbi tuliunga kwa mabomba ya maji, na mume wangu na rafiki zake wakausimamisha wakinitania kwamba nataka kuanika nguo za malaika. Mwaka ule mvua ilichelewa, majirani wakasema mlingoti unaifukuza. Ilipokuja ikazidi, wakasema mlingoti unaiita.

Mume wangu, Mungu amrehemu, wewe unamkumbuka vizuri kuliko nitakavyoweza kumwandika. Alikuwa mtu wa cherehani na mpira. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kwamba nikianza kutuma, redio yake ndogo ya sebuleni nayo inapokea milio yangu. Alikuwa akipiga kelele kutoka kule: "Mke wangu! Mpira umefika golini, na wewe unaniingilia na pi-pi-pi zako!" Nami nilikuwa nikimjibu, "Wameshinda?" Anajibu, "Nitajuaje?"

Kompyuta ilikuja baadaye. Hiyo uliikuta changa. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akihama aliniachia, maana hakuna mwingine mtaani aliyejua ni kitu gani. Ilikuwa kibodi tu, nene kama mkate, haina skrini. Unaichomeka kwenye televisheni. Programu ilisoma kutoka kwenye kanda ya kaseti, na ukiisikiliza kanda ile ilitoa kelele kama ya mafuta ya moto yanayomwagiwa maji. Ukiitikisa meza inagoma, unaanza upya. Nilikuwa nakaa mchana kutwa nikinakili programu kutoka kwenye jarida la mafundi, mstari kwa mstari, na mwisho mashine inakataa kwa sababu ya mkato mmoja nilioupita.

Unakumbuka siku ulipojaza televisheni nzima kwa jina lako? Nilikufundisha amri mbili tu, ukaziandika ukitoa ulimi nje, na jina lako likaanza kumiminika kutoka juu mpaka chini bila kukoma. Ulikuwa ukirukaruka. Halafu umeme ukakatika. Ulikuja mbio jikoni ukilia, "Shangazi, nimefutika! Nimefutika!" Mume wangu akaacha shati la watu kwenye cherehani, akachukua chaki yake ya kupimia, akaandika jina lako kwenye mlango wa chumba chako, kubwa. Akakwambia, "Hili halitumii umeme." Mlango ule umepakwa rangi siku nyingi. Jina lile nililiacha lifutwe bila kufikiri, na sasa nikipita hapo huwa natamani ningemzuia yule fundi wa rangi.

Siku nilipoiunganisha kompyuta na redio, herufi zikaanza kujiandika zenyewe kwenye televisheni, moja moja, zikitoka hewani. Mume wangu alisimama mlangoni na futikamba yake shingoni.

"Nani anaandika?" akaniuliza.

"Mtu aliye mbali sana."

"Anajuaje kwamba tupo?"

"Hajui. Anajaribu tu."

Alivuta kigoda akakaa. Alikaa pale mpaka mteja akaja kuitafuta suruali yake.

Nilikuwa na marafiki wa hewani, na hao nadhani niliwahi kukutajia. Kulikuwa na Kinyozi, Sista wa zahanati, na Nahodha aliyestaafu ambaye kila mara alikuwa akilalamikia mgongo. Kila mmoja nchi yake. Sura zao sizijui mpaka leo. Tulizungumza kwa lugha yetu ya vifupisho ambayo kila taifa huielewa, kila Jumamosi alasiri. Lakini mkono wa mtu hewani unaujua kama unavyojua hatua za mtu anayeingia nyumbani kwako. Sista alituma upesi upesi, kama anayekimbilia kengele. Kinyozi alikuwa akiuvuta mlio wa mwisho, kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe mtoto.

Baada ya maziko ya mume wangu, watu walipokwisha kuondoka na wewe ukarudi chuoni, niliingia chumba cha nyuma nikamwita Kinyozi. Nikamtumia maneno matatu: mume wangu amefariki. Kukawa kimya. Nikadhani mawasiliano yamekatika. Halafu akaanza kunitumia neno moja tu: nipo. Ananyamaza kidogo, anarudia: nipo. Aliendelea hivyo alasiri nzima. Hakuniuliza kitu, hakunipa pole ya aina yoyote. Nimepewa pole nyingi maishani, na wote walikuwa na nia njema, lakini ile ndiyo iliyonifikia.

Hewani mtu hatangazwi kufa. Haonekani Jumamosi moja, kisha nyingine, basi unaelewa. Sista alitangulia. Nahodha naye akafuata na mgongo wake. Akabaki Kinyozi peke yake, na siku hizo ndipo redio yangu ilipoanza kuugua. Au ndivyo nilivyodhani.

Milio ilianza kufifia. Kwanza kama mtu anayesogea mbali, kisha kama mtu aliyeko nyuma ya ukuta. Niliifungua redio nikabadilisha kipuri hiki na kile. Nikapanda kuangalia waya wa juu, nikashuka na goti limevimba. Mwisho nikanunua spika mpya kwa fundi wa vifaa vya umeme pale sokoni, yule tunayemwita Waya kwa wembamba wake, nikaifunga, na hali ikawa ile ile. Nikaibeba mpaka dukani kwake nikiwa na hasira.

"Umeniuzia kitu kibovu," nikamwambia.

Waya akaichomeka kwenye mashine yake ya kujaribia. Nikaona wateja wawili wameziba masikio. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nasubiri aiwashe.

Aliizima akaniangalia. Alikuwa mtu wa mizaha siku zote, lakini siku hiyo hakufanya mzaha. Akasogea karibu kabisa na kusema polepole: "Mama, inalia mpaka mtaa wa pili."

Nilikuwa nimeitibu redio nzima kabisa, mwanangu. Na kuhusu Kinyozi, mpaka leo sijui kama ni yeye aliyenyamaza kwanza au ni mimi niliyeacha kumsikia. Huenda Jumamosi nyingi alikuwa akiniita, na mimi nimekaa mbele yake na bisibisi mkononi, nailaumu spika.

Daktari wa masikio alinifungia kwenye kijumba cha vioo akanivika hedifoni. Nikaambiwa niinue mkono nikisikia. Niliinua mara chache, na nakiri nyingine nilibahatisha. Akanichorea mstari kwenye karatasi, unashuka kama mteremko. Sauti nyembamba zimekwenda zote, akasema, za wanawake, za watoto, za ndege. Nene zitabaki kwa muda. Akanipa vifaa vya kuvaa masikioni. Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Vinaongeza kelele, haviongezi maneno. Kijiko kikianguka ni kama bati limeng'oka, lakini mtu akinisemesha bado ni kama anaongea huku amejaza pamba mdomoni. Simu ni mbaya zaidi. Wewe sauti yako ni nyembamba tangu utotoni. Ikipita kwenye simu inanifikia kama karatasi inayokunjwa. Najua ni wewe. Najua unaniuliza jambo. Nasema ndiyo, nashukuru, kwa sababu sitaki uchoke kurudia, halafu nakata na kukaa na simu mapajani.

Nikwambie kinachouma? Si ukimya wenyewe. Siku ya sherehe ya baba yako ya kustaafu nilikaa katikati ya ukoo mzima. Watu wananena, mikono inapaa, vichwa vinarudi nyuma kwa kicheko, na mimi nacheka nikichelewa, nikifuata nyuso. Namuuliza aliye karibu, "Amesema nini?" Ananijibu, nasoma midomo yake: "Hamna kitu, Shangazi, utani tu." Neno hilo, hamna kitu, ndilo ninaloambiwa kuliko yote siku hizi. Hawana ubaya. Mzaha ukirudiwa unakufa, nami naelewa. Lakini kidogo kidogo watu wanakupungukia. Wanaanza kukuletea sahani badala ya habari. Wanakupapasa bega wakipita. Ukirudi nyumbani unagundua umetoka asubuhi hadi jioni, umeshikwa bega na watu wengi, na hujazungumza na mtu.

Redio niliifunika kitambaa. Kompyuta nikaitia sandukuni. Chumba kile nikawa nakipita kama chumba cha mgeni aliyeondoka.

Kisha mwezi wa pili pikipiki ikanigonga. Usishtuke, niliumia kiwiko na nyanya zikaishia barabarani, basi. Dereva alikuwa amepiga honi tangu kona ya juu. Kila mtu aliisikia isipokuwa mimi. Baba yako alikuja hospitali uso umempauka. Siku zile zile akaamua: nihamie kwake, nyumba hii ipangishwe, na mlingoti ushushwe kwa sababu mpangaji hataukubali na paa linavuja pale uliposimikwa. Nilikubali. Nataka ulijue hilo, sikulazimishwa. Nilikuwa nimechoka, na niliona ni sawa sawa tu, kwa kuwa hata hapa sikuwa na mtu.

Fundi wa paa alifika asubuhi na mkanda wake wa nyundo na msumeno wa chuma. Alipanda, kisha akanielekezea kidole kwenye waya na kutetemesha mwili, akiuliza kama una umeme. Nikaenda chumba cha nyuma kuuchomoa. Nikaondoa kitambaa. Na kabla ya kuchomoa, nikaiwasha redio, si kwa nia ya kusikiliza, nilitaka tu kuona kama bado inawaka.

Iliwaka. Pale mbele ina kijidirisha chenye mshale unaoinuka mawimbi yakiwa na nguvu. Nikazungusha kitufe cha kutafutia stesheni kwa mazoea ya mkono, na mshale ukaanza kucheza. Mfupi, mrefu, mfupi. Nikausoma kwa macho. Kulikuwa na mtu anaita. Anamwita yeyote anayesikia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ujinga wangu wote ulipo. Mlio wa Morse unaweza kuufanya mwembamba au mnene kwa kuzungusha kitufe kidogo tu. Mimi tangu posta niliuzoea mwembamba, kama kinubi cha mbu, na siku zote niliutega hapo. Sikuwahi kufikiri kuushusha. Asubuhi ile, sijui niseme nini, nikakizungusha kitufe kile kupita nilipozoea. Ukashuka, ukashuka, na huko chini, kwenye sauti nene kama ya nyuki mkubwa aliyenaswa ndani ya debe, nikasikia.

Nilisikia, mwanangu. Si kwa kubahatisha, si kwa kufuata uso wa mtu. Kila herufi ilikuja imekamilika, imeoshwa. Miaka miwili sikuwa nimesikia neno zima kutoka kwa binadamu bila kumwomba arudie.

Nikavuta kigongeo changu, kile kipande cha shaba cha kubonyezea milio, kilikuwa na vumbi. Nikamjibu. Alikuwa fundi saa, mgeni kabisa, akaniambia kwao mvua inanyesha na yuko peke yake karakanani. Kisha akaniuliza swali ambalo hewani kila mtu humuuliza mwenzake kabla ya yote, nami nimeshaulizwa mara zisizo na idadi: unanisikia vipi?

Kiwiko kilikuwa kinauma, machozi yameingia puani. Nikamjibu: nakusikia vizuri sana. Nikarudia. Nakusikia vizuri sana. Nadhani alishangaa kwa nini nimerudia.

Mara nikahisi sakafu inatikisika. Nikakumbuka paa! Nilitoka mbio, na wewe unajua mimi si mtu wa mbio, nikakuta fundi ameshalegeza waya mmoja na ameukumbatia mlingoti kama mchumba. Nikapunga mikono yote miwili. Alinena, nami nikaona mdomo tu. Mwisho akashuka, akachukua penseli iliyokuwa sikioni mwake, akaandika kwenye kipande cha ubao: MAMA NIKATE AU NISIKATE?

"Usikate," nikasema.

Akaandika: MZEE ATANIFOKEA.

"Mwambie mimi nimekufokea kwanza."

Akampigia baba yako simu pale pale, na baba yako akaja. Tulikaa sebuleni. Alinisemesha, nikamwambia sisikii. Akaandika kwenye karatasi, nikajibu, akaandika tena, herufi zikizidi kuwa kubwa na kalamu ikizidi kuchimba. Kwamba nitagongwa tena. Kwamba nyumba itaungua nisisikie mtu akiniita. Kwamba watu watasema amemtelekeza dada yake. Nami nikamjibu kwa mdomo, kwa ukali, maana mtu asiyesikia hupaza sauti bila kujua. Mwisho aliirusha kalamu ukutani.

Kuna jambo ambalo sidhani baba yako amewahi kukwambia. Nilipokuwa najifunza kazi yangu ya posta, nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani kwa kijiko mezani. Yeye alikuwa mtoto mdogo, anacheza chini ya meza, na watoto huokota kila kitu. Akaijua Morse kabla ya kujua kusoma vizuri. Alikuwa akinigongea ukutani kunionya kwamba mama amekasirika nisitoke chumbani. Alipokua aliacha, nami nilidhani ameisahau kabisa, hatukuwahi kuizungumza.

Siku ile baba yako aliiokota kalamu, akaiweka mezani. Kisha akaja kuketi kando yangu, akauchukua mkono wangu, akaufungua, akaanza kunibonyeza kwenye kiganja kwa kidole. Kidole chake ni kizito siku hizi, na herufi moja aliikosea akairudia. Aliandika neno moja tu. Naogopa.

Basi, hapo hatukugombana tena. Nilimfunga kiganja chake kwa mikono yangu miwili tukakaa. Fundi wa paa alikuwa amesimama mlangoni na msumeno, hajui aende au abaki.

Sikuhama. Tumekubaliana hivi: barabara kuu sivuki peke yangu, mshonaji wa jirani ana ufunguo wangu, na baba yako anakuja kila Jumapili. Ameahidi kujikumbusha. Anabonyeza polepole, na akifika sentensi ya tatu anachoka, tunabaki kunywa chai. Jumapili iliyopita alitaka kuniambia mvua inakuja, akabonyeza kitu nilichokisoma kama mbuzi anakuja, nikainuka kwenda kufunga geti. Alicheka mpaka akakohoa. Sikukisikia kicheko, lakini safari hii nilijua kinachochekwa.

Sitaki kukudanganya kwamba upweke umekwisha. Jumamosi alasiri nakwenda pale Kinyozi alipokuwa akinisubiri, nateremsha mlio, nasikiliza. Hakuna kitu, mvumo tu. Hao wengine ninaowapata ni watu wema, lakini huzungumza habari ya hewa na urefu wa waya, wanakuaga, wanakwenda kumtafuta mwingine. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Wakati mwingine nazungumza kwa sauti jikoni, na kwa kuwa hata sauti yangu siisikii vizuri, inakuwa kama nimefikiri tu.

Kwa hiyo, mwanangu, usinipigie. Niandikie. Si ule ujumbe wa "tumefika salama, wote wazima". Niandikie mambo yasiyo na maana: mliyogombania mezani, mtoto alivyomjibu mwalimu, unachokiona ukisubiri basi alfajiri. Mambo ambayo watu wakiona mtu hasikii wanasema hamna kitu. Hayo ndiyo ninayoyataka. Na nieleze unachekaje siku hizi. Sauti yako ya utoto ninayo, imekaa imara kichwani. Ile ya ukubwani imeanza kunitoka, na nikijaribu kuiita inakuja ya mama yako.

Msalimie sana mkwe wangu, mwambie shati la mwisho aliloshona marehemu sijapata wa kumpa, kwa hiyo akija ni lake. Wabusu wajukuu, hasa huyo wa mafua, puani ukithubutu. Baba yako anakusalimia na anasema lalamiko lako amelifikisha kama ulivyomtuma. Mshonaji anakusalimia pia. Bado anakuita "yule mwenye soksi zisizolingana". Mungu akulinde uendako na urudiko, akuwekee watu wa kukusikiliza, na kazi isikumalize nguvu za kucheka na wanao.

Jambo la mwisho, kabla sijabandika bahasha. Wiki iliyopita niliunganisha kitufe cha kengele ya mlango na taa, moja kila chumba, mtu akibonyeza zinawaka zote. Mpaka sasa zimewashwa na msoma mita ya umeme, na baba yako, na watoto wa mtaani wanaobonyeza na kukimbia. Lakini kila zinapowaka siendi kufungua mara moja. Nasimama kwanza, nashika kiti, najipa muda kidogo wa kudhani ni wewe.

Ni mimi ninayekupenda bila kukusikia,

Shangazi yako.